Nchi Ambako Steringi Hafi

Hadithi hii haina zamani za kale. Ni ya juzijuzi tu, na anayebisha afunge safari akaone mwenyewe, akirudi tutamkaribisha chai.

Mwalimu Hidaya Kombo alikuwa akifundisha hesabu darasa la tano, na wanafunzi wake walikuwa hodari wa kusinzia. Aliwabembeleza, wakasinzia. Aliwakaripia, wakasinzia wima. Siku moja alinunua machenza kwa mshahara wake ili awafundishe sehemu. Machenza yakaliwa na mbegu zake, sehemu zikabaki ubaoni. Ndipo mwalimu mkuu alipomwita akamwambia amesikia habari za Nchi ya Masteringi, ambako watoto hulia kengele ya kwenda nyumbani inapogongwa, kwa sababu masomo yao yote yamefanywa gemu. "Nenda kaone wanafanyaje, mwalimu wangu. Ukirudi na siri hiyo tutapumua." Namna alivyofika huko tuiache, maana safari ni vumbi tu, na vumbi kila mtu analijua.

Mpakani alimkuta ofisa aliyevaa miwani ya jua ndani ya kibanda chenye kiza.

"Unaingia kama nani?" aliuliza ofisa. "Steringi, adui, au rafiki wa steringi?"

"Naingia kama mwalimu."

"Mwalimu ni kazi. Mimi nakuuliza wewe ni nani kwenye picha." Akamweleza kwa upole, kama mtu aliyezoea wageni wagumu wa kuelewa, kwamba nchini humo kila mzawa ni steringi, yaani shujaa wa picha, tangu siku ya arobaini yake, kwa sheria, na nafasi hizo mgeni hapewi. Maadui wana uhaba nao. Adui analishwa vizuri ila anapigwa kila Ijumaa mbele ya umma.

"Basi niandike rafiki," alisema Hidaya. "Mimi ni mtu wa watu."

Ofisa alivua miwani, akamtazama kama mtu anavyomtazama kuku wa sikukuu. Akamgonga muhuri wa RAFIKI mkononi. "Pole sana, mwalimu."

"Pole ya nini tena?"

"Rafiki wa steringi huwa hafiki mwisho wa picha. Lakini usihofu, hufa vizuri mno. Steringi humpakata, muziki unalia, watu wote wanatokwa na machozi. Steringi mwenyewe hapati hiyo, kwa kuwa steringi hafi. Ndiyo ibara ya kwanza ya katiba yetu. Karibu sana."

Hidaya akapita.

Alipangiwa kufikia kwa Bi Mwanakhamisi, mama mmoja mnene mwenye nyumba ya bati jekundu, na akakabidhiwa mtafsiri wa mtaa, jina lake Kishindo. Huyu Kishindo hakuwa mkalimani, kwani lugha yao na ya Hidaya ni moja. Ni kwamba watu wazima wa nchi ile walilelewa kwenye mabanda ya video, wakitazama mikanda ya mbali huku mtu mmoja mwenye kipaza sauti akiwasimulia kinachosemwa, akitia chumvi kila panapopwaya. Wakakua hivyo. Sasa ndio watawala, na mdomo wa mtu hawauamini mpaka juu yake usikike mdomo wa pili. Mume na mke wakitaka kugombana, mmoja hukimbia kumwita Kishindo kwanza.

"Nimechoka kidogo," alisema Hidaya walipofika barazani. "Ningeomba maji ya kunywa."

Kishindo akainua kipaza sauti. "Mnamwona huyu! Amevuka jangwa peke yake! Simba watatu amewatwanga kwa kandambili! Sasa anasema, nileteeni maji, la sivyo mtaa huu utawaka moto!"

Majirani wakapiga makofi, wakamletea pipa zima. Hidaya akajaribu kusema kikombe kingetosha, Kishindo akawaambia anadai bomba. Kuanzia hapo mwalimu wetu akajifunza kuomba vitu kwa vidole.

Kesho yake alipelekwa shule. Alitoa kalamu yake na kuandika kila alichokiona, na mimi nawapa kama kilivyo. Kila mtoto alichorewa mioyo mitatu kwenye kibao chake, ndizo roho zake za siku hiyo. Akikosea, unafutwa mmoja. Ikiisha yote mitatu, darasa zima linasimama, linapiga kelele "Anza upya!" na somo linarudi herufi a. Watoto walizijua herufi za mwanzo kwa kasi ambayo Hidaya hajawahi kuiona duniani. Alipouliza baada ya m inakuja nini, mwalimu mwenzake alimvuta pembeni akamnong'oneza kwamba habari hizo wanazisikia tu, hakuna aliyewahi kufika.

Kwenye somo la historia mwalimu alisimama akiwa na duara la chaki kifuani, mfano wa kitufe. Mtoto yeyote akichoshwa, aliinuka, akamgusa palepale, na mwalimu akaruka mbele. Vita vya mababu viliguswa vikarukwa, njaa kuu ikarukwa, na katika karne nne zilibaki sherehe mbili na ngoma moja. Kengele ilipogongwa watoto walilia kweli. Hidaya akaandika: wanalia. Kisha akakaa akiitazama ile sentensi, hajui aiongezee nini.

Nyumbani kwa Bi Mwanakhamisi kulikuwa na watu watatu wa vizazi vitatu, na ungeapa wametoka nchi tatu. Mama mwenyewe alikuwa mtu wa mikanda, hafungui barua bila Kishindo. Binti yake Chiku, mwenye umri kama wa wanafunzi wa Hidaya, alikuwa mtu wa gemu. Vidole gumba vyake havikutulia hata akila uji. Na chumba cha nyuma alikaa Mzee Sufiani, baba yake Mwanakhamisi, ambaye ni wa kizazi cha redio. Wazee hao hufumba macho mtu anapozungumza nao, na hawasimulii jambo mpaka kwanza waige kwa midomo ile milio ya redio ya saa kamili: pii, pii, piiii.

"Shikamoo, babu," Hidaya alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu," alijibu mzee, akafumba macho kwa heshima. "Unasikika vizuri. Ulikotoka hakuna mawingu."

Bi Mwanakhamisi hakuwa akizungumza na baba yake. Si kwa chuki. Kishindo alikataa kumtafsiri mzee, akisema hadithi zake hazina mapigano, basi binti akawa hamsikii. Lakini kila jioni, baada ya sala, Chiku alijipenyeza chumba cha nyuma, akakaa sakafuni, akafumba macho. Ndiye mtoto pekee mtaani aliyekuwa akifanya hivyo, na alifanya kwa siri kama mtu anayeiba sukari.

"Pii, pii, piiii," alianza mzee jioni ile Hidaya alipokaribishwa. Akasimulia habari za fisi mmoja aliyeamka asubuhi akakuta kivuli chake hakipo. Fisi akaenda kuuliza kwa twiga, akaenda kwa mbuyu, akaenda kwa mto, kila mmoja akamwambia nina changu tu. Mzee alisimulia taratibu, akikohoa pale fisi alipochoka, na vidole gumba vya Chiku vilikuwa vimetulia tuli. "Basi fisi akaona hana budi, aende kwa Usiku mwenyewe, maana Usiku ndiye mla vivuli. Akagonga mlango." Hapo mzee akanyamaza. "Nimechoka. Kesho nitakumalizia."

"Babu, malizia sasa."

"Kesho, mjukuu wangu."

Kesho yake asubuhi Mzee Sufiani hakuamka.

Hidaya alikuwa wa kwanza kumgusa, akakuta amekuwa baridi. Akatoka kumwambia mama mwenye nyumba maneno ambayo nchini kwake hulitosha jambo lenyewe: "Dada, jikaze. Mzee ametutoka."

"Ametoka kwenda wapi?" aliuliza Bi Mwanakhamisi.

Hapo ndipo Hidaya alipoielewa ibara ya kwanza. Nchini humo hapakuwa na sanda wala kaburi, wala neno la kumpa mfiwa. Steringi akilala asiamke, huchukuliwa siku hiyohiyo na mkokoteni uliofunikwa, akapelekwa nyuma ya mji kwenye jengo refu lisilo na madirisha, linaloitwa Ukumbi wa Sehemu ya Pili. Huko anasubiri mkanda wake uendelee. Kumlilia ni kosa, kwa sababu nani humlilia mtu anayerudi?

Hidaya alikuwa amepita karibu na ukumbi huo akitoka shule. Barazani mwake aliona benchi ndefu, na watu wamekaa wakiutazama mlango. Mwanamke mmoja alishika kandambili za kiume, amezishika kwa muda mrefu mpaka mpira umeacha alama viganjani. Kijana mmoja alikuwa na sahani ya chakula iliyofunikwa. Wengine walikuwa wameota mvi hapohapo. Hidaya alidhani ni kituo cha basi.

Sasa alimkuta Chiku kando ya kitanda, ameshajifungasha: mkeka, kikombe, na sweta. "Nakwenda kukaa benchini," alisema mtoto. "Babu akitoka tu, anamalizia. Fisi ameshagonga mlango."

Hidaya alimjua mtoto wa aina hii, alikuwa na mmoja tu kama yeye katika darasa lake zima, na aliona jinsi atakavyozeekea kwenye benchi ile akisubiri mlango usiofunguka.

"Mama Chiku," alimwambia mama, "kule kwetu tuna msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Omba Baraza la mtaa likutane kabla mkokoteni haujaja."

Baraza likakutana uani kwa marehemu, kwa kuwa hakuna steringi aliyekubali kwenda kwa mwenziwe bila kupokewa na makofi, na hapo angalau palikuwa na umati wa kupiga. Mzee alilazwa katikati, kwenye kitanda cha kamba. Mwenyekiti, bwana mmoja aliyekuwa akigeuza shavu lake zuri kila anapotazamwa, aliomba maoni ya vizazi vyote.

Wazee wa redio walifumba macho, wakasikiliza kwa muda. "Mawimbi yamekatika," alisema mmoja wao. "Hali ya hewa ikitulia, sauti itarudi. Msimwondoe hapo mkapoteza masafa."

Mwakilishi wa vijana wa gemu alipinga vikali. "Mzee hana tatizo lolote. Alikuwa na roho tatu, ameishiwa moja. Mbonyezeni aanze upya." Akasogea, akambonyeza Mzee Sufiani kidole gumba cha mguu. Wakangoja. Akabonyeza tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, akasema huenda amekwama.

Watu wa mikanda wakacheka kwa dharau. Kishindo akawasemea wote: "Jamani, mmeona picha ngapi nyie? Hapa ndipo anapoonekana amekufa! Adui anacheka, anageuka, na nyuma yake, polepole, kidole kinatikisika! Mpelekeni ukumbini!"

Shangwe zikapanda mpaka kuku wakaruka ukuta. Mjadala ukaendelea hivyo hadi jua likawa utosini na nzi wakaanza kuhudhuria. Hidaya, ambaye alikuwa ameapa kuwaachia wenyeji mjadala wao, akajitazama mkononi, akauona muhuri wa RAFIKI, na wazo likamjia. Akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, katiba yenu inasema steringi hafi. Sawa. Lakini rafiki wa steringi hufa, tena hupakatwa, na watu huruhusiwa kumlilia. Basi mzee huyu msimwite steringi."

Kishindo akanguruma: "Anasema mzee huyu alikuwa steringi wa masteringi wote!"

Makofi ya radi. "Sijasema hivyo," alisema Hidaya. "Anasema atapigana na yeyote anayebisha!" alisema Kishindo. Kila Hidaya alipofungua kinywa, mzee alipandishwa cheo, na sasa walikuwa wakijadili kumjengea ukumbi wake binafsi. Mwalimu wa watu alikaa chini, machozi ya hasira yakimlenga. Ukienda kwa wenye chongo fumba lako jicho, wahenga walisema, ila hawakusema ufanye nini kwa wenye vipaza sauti.

Aliyeinuka ni Bi Mwanakhamisi. Alimwendea Kishindo, akaweka kiganja chake kinene juu ya kipaza sauti, akakishusha mpaka kikagusa goti la mwenyewe. Haikuwahi kutokea mtu wa mikanda kumnyamazisha mtafsiri akasema mwenyewe hadharani, na wengine waliinama kwa aibu kama waliomwona ametoka bila nguo.

"Mgeni hakusema hayo," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshtua, ilikuwa ndogo kuliko alivyoizoea. "Nimemsikia. Nami ndiye mtoto wa huyu mzee, na sheria inanipa haki juu ya jina lake. Baba yangu hakuwa steringi."

"Astaghafirullah," alinong'ona mtu.

"Mama," alisema Mwenyekiti, akasahau kugeuza shavu, "unajua unachosema? Hakuna familia iliyowahi kukubali fedheha hii. Na ukimvua usteringi, ni lazima awe rafiki, na rafiki ni lazima awe wa mtu. Alikuwa rafiki wa nani? Wako?"

Bi Mwanakhamisi alifungua mdomo. Alimtazama baba yake pale kitandani, akatazama mlango wa chumba cha nyuma, umbali wa hatua chache ambazo hakuwa akizipiga. Alitaka kusema ndiyo. Uongo ungepita, na nani angembishia?

"Hapana," alisema. "Nilikuwa namsubiri atafsiriwe."

Mwenyekiti akawatazama wazee wa redio, kila mmoja ni steringi wa mkanda wake. Akawatazama vijana. Alikuwa ameshanyoosha mkono kuwaashiria watu wa mkokoteni.

"Wangu," alisema Chiku.

Alikuwa amesimama na mkeka wake kwapani. "Babu alikuwa rafiki yangu."

Mwenyekiti alikuna kichwa, akapekua katiba, akakuna tena. Hakuona kasoro. Steringi alikuwepo, rafiki alikuwepo. Kilichobaki ni steringi kumpakata rafiki yake, kwa mujibu wa sheria. Chiku akaenda kitandani, akakaa, akakiinua kichwa cha babu yake akakiweka mapajani. Kwanza alinyoosha mkono akambonyeza kidole gumba cha mkono, mara moja, taratibu, kwa siri. Akangoja. Kilio kikamtoka, kikubwa, kisicho na mpangilio, cha mtu anayekifanya kwa mara ya kwanza na hajui kinazimwa wapi. Mama yake akamfuata, akapiga magoti, akalia naye. Hidaya naye akalia. Kisha uwanja mzima ukaangua kilio, maana kila mtu alikuwa na wake ukumbini na machozi yake yalikuwa yameshachacha. Kishindo alilia kuliko wote. Lakini huyo hata machozi alikuwa na mazoea ya kuyatia chumvi, tumwache.

Hidaya aliwaonyesha namna ya kukata sanda na kuchimba kaburi. Walichimba vibaya, kila mmoja akitaka aonekane anachimba yeye, ila likatosha. Alasiri, baada ya kumfukia, watu hawakujua waondokeje. Picha za kwao zilikuwa zikiisha kwa kuambiwa rudini kwa sehemu ya pili. Wakabaki wamesimama juu ya udongo mbichi.

Chiku akafumba macho.

"Pii, pii, piiii," alisema.

Wazee wa redio wakafumba yao papo hapo. Kisha, mmoja mmoja, na wengine wakafumba.

"Fisi akagonga mlango wa Usiku. Usiku akafungua. Fisi akasema, nirudishie kivuli changu. Usiku akasema, mimi sinacho. Vivuli vyote vikizeeka huwa vinahama, wewe hukuona? Nenda kwako ukaangalie chini. Fisi akarudi kwake asubuhi. Akamkuta mwanawe anacheza nje. Mtoto mwenyewe kadogo, hivi, lakini anaburura kivuli kikubwa, kinamshinda, anajikwaa nacho. Fisi akakijua. Akacheka, mnajua anavyocheka. Akaingia ndani akalala, hakuamka. Mtoto akaendelea kucheza."

Hidaya hakujua kama ndivyo mzee alivyokusudia kuimaliza. Hakuna atakayejua. Kishindo alikuwa ameinua kipaza sauti tangu fisi agonge mlango, kipo mdomoni, na alikishusha bila kusema kitu. Kule nyuma ya mji mwanamke wa kandambili alikuwa amesimama kutoka benchini, akiulizia jembe linaazimwa wapi.

Siku ya kuondoka Hidaya alipita kibanda kilekile. Ofisa aliutazama muhuri uliofifia mkononi mwake, akashangaa.

"Wewe bado uko hai? Na ulikuwa rafiki?"

"Mwenzangu alinitangulia."

Ofisa alivua miwani, akaipangusa kwa tai, akachungulia nje kama kuna foleni. Hakukuwa na mtu. "Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "nimesikia ya juzi. Nami sikuzote nimekuwa steringi. Hiyo nafasi ya rafiki, mzawa anaruhusiwa kuiomba?"

"Anaruhusiwa."

Uso ukamchangamka. Akachukua muhuri, akauloweka wino, akauweka juu ya mkono wake mwenyewe. Halafu akasita. "Kinahitajika nini zaidi?"

"Utaje ni rafiki wa nani."

Ofisa alifikiri. Alifikiri mpaka wino ukaanza kukauka, midomo yake ikijaribu jina hili na lile na kuyaacha. Hidaya hakumsaidia, maana si jibu la kujaziwa.

"Basi mwalimu, nenda salama," alisema ofisa hatimaye. Akaurudisha muhuri kwenye kisahani chake, akachukua kofia, akafunga dirisha la kibanda katikati ya saa za kazi, akaenda kutafuta.